Chumvi na Yule Asiye na Mzigo

Aliyeanza kuisimulia habari hii ni baba yangu, siku tulipoanua matanga ya bibi, mwaka uliofuata vita vya Uganda. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyeitaja nyumbani. Bibi alikuwa mkwe wake, na maadamu alikuwa hai baba hakuweza kumzungumzia mbele za watu. Alisimulia kwa ufupi, na mahali pawili alikosea. Mimi nilikuwapo, kwa hiyo naiandika kama nilivyoiona.

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu tulihamia kijiji kipya cha ujamaa, katika njia ya Sikonge. Baba alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa mjini Tabora, mtu wa swala tano. Mama alikuwa Mnyamwezi wa huko huko. Maofisa walikuja na kamba na vigingi wakazipanga nyumba kwa mistari, na mstari wetu ukaangukia juu ya njia ya kale ya wapagazi. Njia yenyewe ilikuwa imebaki kama mfuo mpana usio na kina, unaotoka porini, unapita nyuma ya jiko letu na kuingia tena porini. Majani yalikuwa hayaoti marefu pale, hata wakati wa masika. Kando yake palikuwa na rundo la mawe. Wazee walisema kila mpagazi aliyepita alitupa jiwe lake hapo, kuiachia njia uchovu wake. Walisema pia kwamba si wote waliopita walifika Ujiji, wala si wote walirudi pwani.

Bibi, mama yake mama, alijengewa kibanda upande wa pili wa ua. Nieleze desturi, maana bila hiyo habari yote haina maana. Mkwe wa kike na mkwe wa kiume hawakutazamana wala kusemezana. Baba akitoka nje, bibi alijitanda kanga na kugeuka. Akiwa na neno la kumwambia, alinituma mimi, ingawa baba alikuwa hatua chache tu, akisikia kila kitu.

"Mke mwenzangu," angeniita, ndivyo alivyonitania siku zote, "mwambie baba yako paa la jiko linavuja."

"Baba, bibi anasema paa la jiko linavuja."

"Mwambie bibi yako nimesikia."

Na bibi alikuwa amesikia kwamba amesikia. Tuliishi hivyo kwa amani.

Mdogo wangu Sefu alikuwa ameanza kusema vizuri mwaka huo. Bibi alimwita mume wake, na alimlea wakati mama yuko shambani au kwenye bani la kukaushia tumbaku. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba mtoto ana jambo. Mchana, jua likiwa utosini na kuku wamejikunyata chini ya ghala, Sefu alikuwa akienda kusimama ukingoni mwa ule mfuo. Alisimama kimya. Kisha mara kwa mara alirudi nyuma kidogo na kuvuta bega, jinsi mtu anavyompisha mwenye mzigo mkubwa kichwani.

Nilimkuta hivyo siku moja nilipotoka shule. Nikamuuliza anafanya nini.

"Wanapita," akasema.

"Nani?"

"Wenye mizigo."

Nilitazama. Palikuwa na vumbi na jua tu. "Wanasemaje?"

"Hawasemi. Wamechoka."

Nilimcheka, nikamwambia bibi, nikidhani naye atacheka. Hakucheka. Alimkalisha Sefu mapajani, akampangusa vumbi miguuni taratibu, na kumuuliza kama wote wana mizigo.

"Mmoja hana," Sefu akasema. "Anasema anibebe."

Baadaye, tulipokuwa tunapepeta mtama, bibi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wenye mizigo hawana neno, wana kazi yao. Wa kuogopwa ni yule anayetembea mikono mitupu, kwa sababu huyo anatafuta mtu wa kubeba. Nami niliacha kucheka.

Jioni ile nilitumwa. "Mwambie baba yako tunataka mbwa. Awe mkubwa, wa kubweka. Na asimnunue kwa fedha. Mbwa hubadilishwa kwa kitu kilichotoka jikoni."

Baba alikuwa anakanyaga cherehani barazani. Aliacha mguu hewani. "Mwambie bibi yako malaika hawaingii nyumba yenye mbwa."

Kutoka upande wa pili wa ua bibi alisema, "Mwambie baba yako si malaika tu wanaopita hapa."

Usiku huo mama alizungumza na baba. Niliisikia sauti yake kupitia ukuta, si maneno. Mama alikuwa amezika watoto wawili kabla ya Sefu. Asubuhi baba alichukua mfuko wa chumvi ya Uvinza, akanibebesha Sefu mgongoni, tukaenda kwa Mzee Kasanda.

Mzee Kasanda alikuwa mrina asali, na mbwa wake walijulikana. Tulimsalimia, akaitikia marahaba huku akimtazama baba, aliyekuwa ameshika kanzu yake juu ya magoti ili isiguswe na chochote.

"Fundi, unakuja kuchukua mbwa au unavuka mto?"

"Nimekuja kwa mbwa, mzee. Lakini najisi ni najisi."

"Basi umetafuta najisi kwa mguu wako mwenyewe."

Watoto wa mbwa walikuwa chini ya mizinga mitupu. Mzee Kasanda aliwainua mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo. Anayelia, alieleza, atalia pia siku ya fisi. Dume kubwa la rangi ya kahawia halikulia, likanguruma. Hilo ndilo alilolitaka bibi, hata mimi niliona. Kisha akamwinua wa mwisho, mdogo kuliko wote, masikio yakiwa makubwa kuliko uso. Huyo hakulia wala hakunguruma. Alining'inia kimya, akitazama nyuma yetu, kule tulikotoka.

"Huyu sikukusudia kumpa mtu," Mzee Kasanda akasema na kumweka chini.

"Mgonjwa?" baba akauliza.

"Mzima. Ila anatazama sana."

Sefu alijinyonganyonga mgongoni mwangu mpaka nikamteremsha. Yule mdogo akaja moja kwa moja akakalia mguu wake.

Nilimkumbusha baba kwamba bibi alisema mkubwa. Baba aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu, kama anayepima kitambaa kisichotosha. "Mkubwa atakula sana na kugusa kila kitu," akasema. "Huyu mdogo, na uchafu wake utakuwa mdogo." Akatoa chumvi. Ndiyo maana tulimwita Chumvi.

Nyumbani bibi alimtazama yule mbwa, akashusha pumzi, akasema mbwa akishavuka kizingiti hakataliwi. Kisha akafanya alichoona kimebaki kufanywa. Alichota jivu katikati ya mafiga akampaka puani, miguuni na kifuani. Jivu la jikoni ndilo linalomwambia mbwa kwamba kwake ni hapa, na kwamba sauti ya kumwita ni ya watu wa moto huu tu. Aliniambia hivyo huku anapaka, kisha akanituma kisimani.

Yaliyotokea nikiwa kisimani nimeyapata kwa mama, aliyekuwa anaanika mihogo. Baba alirudi kutoka swala ya alasiri, akamkuta Chumvi mlangoni mwa jiko amejaa jivu. Aliona uchafu. Akaleta debe la maji na udongo, akamwosha maji saba, ya kwanza yakiwa na udongo, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani kuosha chombo kilicholambwa na mbwa. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia afanye hivyo kwa mbwa mwenyewe; yeye aliona tu kwamba kinachokisafisha chombo kitamsafisha na mwenye ulimi. Alimwosha kwa upole, mama alisema, mpaka katikati ya vidole.

Bibi alikuwa mlangoni kwake na ungo mkononi. Aliona yote. Mkwe hampigii mkwe kelele, na mama alikuwa mbali mno kuitwa kwa sauti ya heshima. Nami mjumbe wake nilikuwa kisimani. Kwa hiyo aligeuka akatazama ukuta mpaka maji yakaisha.

Niliporudi aliniita. "Baba yako amemwosha nyumba," akasema. "Sasa huyu hana kwake. Atakayemwita kwanza ndiye atakayekwenda naye."

"Tumpake tena, bibi."

"Jivu hupakwa siku ya kufika, mara moja. La pili ni uchafu tu, kama baba yako anavyosema."

Nilimpelekea baba maneno hayo. Akasema, "Mwambie bibi yako mbwa ni mbwa."

Chumvi alilala nje, kwenye pembe ya jiko. Hakubweka hata mara moja, wala kwa fisi wala kwa mgeni. Mchana alifuatana na Sefu hadi ukingoni, wakakaa pamoja wakitazama njia. Sefu alipovuta bega kupisha, Chumvi naye alivuta mkia. Mama alikuwa akitoka jikoni kuwarudisha, na kila mara walirudi bila ubishi. Watu wa mstari wa pili walisema fundi amemnunulia mwanawe kivuli.

Siku jambo lenyewe lilipotokea ilikuwa katika msimu wa kukausha tumbaku, na mama alikuwa amekaa na moto wa bani tangu alfajiri. Sefu aliachiwa bibi. Baba alikuwa anashona sare kwenye ofisi ya kijiji. Mimi nilitoka shule na jembe begani, jua likiwa utosini. Kijiji kizima kilikuwa kimya. Hata moshi wa mabani ulipanda wima. Bibi alikuwa amesinzia chini ya ukingo wa paa, mkono wake ukiwa umeshika pindo la kanga, ule mkono ambao, bila shaka, kabla ya usingizi ulikuwa umemshika mtoto.

Hapo nikamsikia Chumvi akibweka. Mara moja.

Sefu alikuwa katikati ya mfuo, karibu na rundo la mawe, mgongo wake kwangu. Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, jinsi mtoto anavyoinua akitaka kubebwa. Mbele yake, kati yake na hewa tupu, alisimama Chumvi, manyoya ya mgongo yamesimama. Niliita. Sefu hakugeuka. Nikatupa jembe nikakimbia, na kwa kuwa njia inapinda pale, rundo la mawe likanifichia wote wawili kwa muda wa kulizunguka tu.

Nilipotokea upande wa pili Sefu alikuwa ameshusha mikono. Alikuwa anampungia mtu aliyekuwa anakwenda magharibi. Chumvi hakuwapo.

"Yuko wapi?"

"Amembeba," Sefu akasema. Hakuwa na hofu. Alionekana kama mtu aliyenyimwa zamu yake. "Nilisema mimi. Amembeba Chumvi."

Baba na jirani mmoja walikuja kutazama. Vumbi la pale lilikuwa jepesi na lilihifadhi kila kitu: nyayo za Sefu, nyayo zangu, na vidole vya Chumvi vikija mpaka katikati ya njia. Hapo vilikoma. Hapakuwa na damu wala mburuto. Walitafuta porini mpaka jioni, na kesho yake tena.

Jirani alisema ni tai. Tai huchukua mbwa mdogo. Baba alilishika neno hilo, na siku ya kuanua matanga alisimulia kwamba mimi niliona tai, na kwamba mbwa alibweka sana. Sikumsahihisha mbele za watu. Lakini mbwa alibweka mara moja, na mimi sikuona tai. Sikuona kivuli kikipita chini, ingawa jua lilikuwa wazi. Wala sikuona kitu kingine chochote, na sitaandika kwamba niliona.

Sefu hakwenda tena ukingoni. Alipoulizwa juu ya wenye mizigo alishangaa, kama tunamuuliza habari za mtoto mwingine. Kitu kimoja tu kilibaki: hakukubali tena kubebwa na mtu yeyote. Hata alipougua homa kali alikwenda zahanati kwa miguu yake, akishika kanga ya mama.

Niliogopa kwamba bibi atamlaumu baba. Siku kadhaa zilipita hajanituma kitu. Kisha jioni moja, baba akiwa barazani kwenye cherehani, aliniita kwa sauti ya kawaida, ile iliyofika pande zote mbili za ua.

"Mke mwenzangu, mwambie baba yako alichagua vizuri. Mbwa mkubwa nani angeweza kumbeba? Na mwambie, mimi jivu langu lingemfunga mlangoni kwangu. Angebaki hapa analinda mafiga, na mume wangu angekwenda peke yake."

Niligeuka kwa baba. Gurudumu la cherehani lilikuwa limesimama. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akimjibu mkwe wake bila kunipitia mimi, ingawa hakumtazama.

"Nimesikia, mama," akasema.

Nimesoma hadi kidato cha nne na najua tai wanaweza nini. Kwa miaka mingi nilitaka kuamua nani kati yao wawili alikuwa sahihi. Sasa naona kwamba bibi alijua njia na baba hakuijua, na kilichomwacha Sefu nyumbani ni yale mawili ambayo baba alifanya kinyume cha maneno ya bibi: mbwa mdogo, na mbwa safi. Aliyeliona hilo ni bibi, na aliyeweza kulisema bila kuona haya ni bibi. Hapo ndipo ninapomwachia neno la mwisho.

Rundo la mawe lilichukuliwa kujengea msingi wa shule. Baba, bibi na Mzee Kasanda wametangulia. Tulio hai ni mama, mimi na Sefu, ambaye anafuga ng'ombe Ziba na hafugi mbwa. Chumvi sijamweka upande wowote.