Mbwa Aliyelia Akisikia Kiswahili

Enzi zetu kule Msanzi, mbwa alikuwa mbwa. Hakuwa na godoro, wala picha yake haikukaa kwenye simu ya mtu. Alikula ukoko wa ugali wa ulezi na kulala jikoni karibu na majivu, maana baridi ya Ufipa mnaijua wenyewe mliokwenda shule na masweta mawili. Ndiyo maana vijana wa leo wakiniambia mbwa wao ana msongo wa mawazo, nacheka. Halafu namkumbuka Jeshi, mbwa wetu wa utotoni.

Jeshi lilikuwa jina tu, maana hata kuku alikuwa anawaogopa. Mimi na kaka yangu tukishatoka kwenda shule alikuwa analia mpaka saa nne, kilio kirefu kama cha msibani. Jirani yetu mwenye mtoto mchanga alikuja kulalamika mara mbili, na mara ya tatu akaja na mumewe. Baba akakata shauri: mwezi ukiisha mbwa hajanyamaza, anapelekwa Kate kwa baba mdogo akalinde mahindi. Kate! Nilikuwa na miaka tisa, na kwangu Kate ilikuwa mwisho wa dunia. Siku hiyo sikula.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa anabaki nyumbani, kwa hiyo akapewa kazi ya kuhesabu. Kila Jeshi akianza kulia, bibi anatia harage moja kwenye kopo la maziwa ya unga. Jioni tunayamwaga mkekani mbele ya baba. Saba. Tisa. Tisa tena. Nilisali rozari nzima kwa ajili ya yule mbwa mpaka mama akanigombeza: "Unamsumbua Bikira Maria kwa habari za mbwa?"

Jambo moja tu lilitushangaza. Jumapili tulikuwa tunakwenda kanisani wote, na bibi pia, lakini jirani aliapa kwamba siku hiyo hasikii hata mlio. Baba akasema basi huyu ni Mkatoliki, anaheshimu Misa. Sote tulicheka isipokuwa bibi.

Jumatatu asubuhi bibi akakaa mlangoni anamtazama mbwa. Nyumbani tulikuwa tunasema Kifipa, lakini shuleni aliyeteleza akakisema alivishwa kibao cha aibu shingoni. Kwa hiyo mama alikuwa ameweka sheria: ukishavaa sare ni Kiswahili tu, ulimi uzoee. Jeshi alikuwa amejilaza. Kaka akafunga kifungo cha mwisho, akauliza, "Daftari langu liko wapi?" Palepale mbwa akainuka, mkia katikati ya miguu, anatetemeka. Bibi akapiga makofi.

"Huyu shule haijui," alisema. "Anachojua ni kwamba mkianza Kiswahili, mnamwacha. Jumapili mnatoka na Kifipa chenu, halii."

Akatoa amri yake: tuseme Kiswahili jioni pia, wakati wa kula, siku ambayo hakuna anayetoka. Yeye mwenyewe alijua Kiswahili cha sala na cha mnadani tu, kwa hiyo alipotaka chumvi alisema, "Utupe leo chumvi yetu." Baba alikohoa ugali. Jeshi alilia palepale mbele yetu, akazunguka akinusa miguu ya kila mtu, mmoja mmoja. Hakuna aliyeinuka.

Maharage yakaanza kupungua. Sita, manne, manne tena, moja. Siku ya mwisho ya mwezi niliinamisha kopo lile, nikaligonga kitako, hakikutoka kitu. Baba akaliangalia kopo, akamwangalia mbwa.

"Abaki," alisema.

Nililia kwa furaha, nikajisikia mwepesi kama niliyetuliwa mzigo wa kuni. Kesho yake bibi aliyachemsha maharage yote ya mwezi ule, na Jeshi akapakuliwa wa kwanza. "Ameyalilia mwenyewe," bibi alisema, "ale."

Bibi hayupo tena, na Jeshi alikufa kwa uzee wake, jikoni kwetu. Mimi sasa naishi mjini, Kizwite. Wanangu ni Kiswahili kuanzia kuamka mpaka kulala, na ukiwasalimu wanakujibu "poa". Sisi tulivishwa kibao kwa kusema Kifipa. Wao hawana hata neno moja la Kifipa la kuwaponza. Mimi mwenyewe nakisema mama anaponipigia simu tu kutoka Msanzi, na mara nyingi baada ya simu hiyo nafunga safari kwenda kumwona.

Wiki iliyopita alipiga nikiwa namenya viazi. Tukasalimiana tu. Nilipogeuka, binti yangu mdogo alikuwa amesimama mlangoni, ameficha kiatu changu kimoja mgongoni.

"Mama, unaenda Msanzi?"

Nilitaka kucheka, nikamkumbuka Jeshi. Nikamwambia siendi popote. Jioni ile, tulipokaa kula, nikatangaza kwamba kuanzia leo hapa tunakula kwa Kifipa. Nikamwomba binti yangu chumvi, nikimwonyesha kwa kidole. Akainama kwanza kunitazama miguu. Nilikuwa peku. Akanisogezea chumvi.