Mrithi wa Kobus

Kwenye makaratasi, Aneth Mayala alikuwa mrithi. Si wa ng'ombe wala shamba, maana baba yake kule Tinde bado yu hai na ugali anaumaliza. Alikuwa mrithi wa Kobus, fundi wa haidroliki aliyetoka Afrika Kusini kuja kutengeneza mashine za kuchoronga miamba hapa Geita. Serikali haimpi mgeni kibali cha kazi hivi hivi. Lazima kampuni ionyeshe Mtanzania anayefundishwa kazi hiyo, ili siku moja mgeni afunge mizigo.

Tuseme ukweli, Kobus alifundisha kwa moyo. Mwaka wa kwanza Aneth alimshikia spana. Mwaka wa pili walishikiana. Tangu hapo Kobus anakaa kivulini na kahawa yake, akiwasalimu watu "mwangaluka", salamu ya asubuhi, hata saa kumi jioni, huku Aneth amezama kwenye mashine mpaka kiunoni.

Utauliza, basi kibali kiliongezwaje? Kiliongezwa kwa sababu ya malezi mema. Mwaka juzi afisa wa kazi, Bwana Athanas, alikuja kambini akamuuliza Aneth, mbele ya Kobus, kama kazi anaiweza. Sasa, binti aliyelelewa Usukumani hajitapi mbele ya aliyemfundisha. Aneth akaangalia viatu vyake, akajibu, "Tunajaribu-jaribu tu."

Bwana Athanas, ambaye si mtu wa huku, akaandika: bado. Kobus akapata miaka miwili mingine. Mama yake Aneth aliposikia alimsifu kwa heshima aliyoionyesha, akamkumbusha kwamba kizuri chajiuza. Nadhani methali hiyo ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kutafuta cheo. Aneth aliumia. Alikitaka cheo kile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Wiki iliyopita Bwana Athanas akarudi, kwa kuwa Kobus ameomba kuongezewa muda tena. Stanslaus, afisa utumishi wa kampuni, akamnong'oneza Aneth mlangoni, "Jibu kama mwaka juzi, tumalize mapema."

Aneth akaingia, Stanslaus nyuma yake. "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Bwana Athanas. "Haya, mrithi. Kazi ya Kobus unaiweza?"

Kobus alikuwa pale pale, anamtazama kwa upole, na upole ule ulimpa shida kuliko dharau. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi.

"Naiweza," Aneth alisema. "Na miaka miwili hii nimeifanya peke yangu. Muulize mwenyewe."

Kobus akajikuna shingo. "Ni kweli," alisema.

Stanslaus akapata ghafla kitu cha kutafuta chini ya meza. Bwana Athanas akafungua faili, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaweka kidole kwenye mwandiko wake mwenyewe.

"Mbona mwaka juzi uliniambia unajaribu-jaribu?"

"Mwaka juzi," Aneth alisema, "nilikuwa na adabu."