Sarafu Nyeupe Zangu, Sarafu Nyeusi Zake

Mimi ni mtu wa vitu vyeupe. Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa na duka la nafaka mjini Kitale, na asiyewahi kuuza mahindi hajui vumbi ni nini. Lilikuwa kwenye nyusi, kwenye uji, kwenye mikunjo ya shuka. Jioni nikifika nyumbani Kibomet, nimevuka tope la barabara ambayo kila diwani aliahidi kuitengeneza, nilijitupa kitini bila hata kuvua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Nikishapumua kidogo ndipo nilipochukua mkebe.

Mkebe ulikuwa wa marehemu baba, aliyehamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya akiwa kijana. Alipokufa, ndugu zangu waligawana ng'ombe na shamba, na wanatazamana vibaya mpaka leo. Mimi nilipewa mkebe kwa sababu hakuna aliyeutaka. Ndani kulikuwa na shilingi za mkoloni, zile zenye simba, nyeusi kama tako la sufuria.

Nilizing'arisha kwa magadi. Unachukua sufuria kuukuu ya alumini, unatia maji ya moto na kiganja cha magadi, unaiacha sarafu iguse chini. Inatoka harufu ya yai viza, halafu simba anajitokeza mweupe, na manyoya yake yote shingoni. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikajionea haya. Siku nzima sikuwa nimeshika kitu kisafi, na sasa nilikuwa na kimoja kinachong'aa mkononi. Sikuhitaji sababu nyingine ya kukusanya sarafu, na wanaouliza faida yake huwa siwajibu.

Mzee wa Bungoma nilikutana naye kwa ajili ya maharagwe. Nilikuwa nimekwenda kununua magunia, mvua ikanishika karibu na msikiti, nikaingia kwenye duka lake la vitambaa. Chini ya kioo cha kaunta alikuwa amepanga sarafu za zamani, nzuri kuliko zangu, zote nyeusi. Nikamuuliza kwa nini hazioshi. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini hamnyoi mama mkwe wake.

"Hiyo ni ngozi yake, dada," akasema. "Sasa wewe unataka nimchune?"

Hivyo ndivyo ugomvi wetu ulivyoanza, na ukadumu miaka. Kila nilipoenda Bungoma nilipita dukani kwake. Mkewe alileta chai na mahamri, na sisi tukaanza. Mimi nilitoa sarafu zangu nyeupe, yeye akazigeuzageuza na kusema, "Uzuri wa mkakasi." Nami nikamjibu, "Mzee, si nyinyi ndio mnasema usafi ni sehemu ya imani?" Alicheka mpaka akatoa leso kufuta machozi. Lakini hakubadilika, na mimi pia sikubadilika.

Nilikwenda hata kwenye saiba pale Kitale, duka la intaneti, kutafuta wa kuniunga mkono. Nikakuta ulimwengu mzima una ugomvi wetu. Kuna wakusanyaji wasiogusa sarafu isipokuwa nyeupe kama imetoka kiwandani jana, na kuna wanaopenda ile iliyobadilika rangi yenyewe, polepole, ndani ya karatasi au kitambaa, miaka na miaka. Kila upande una matapeli wake. Wengine hupaka sarafu dawa ili ionekane imezeeka, wengine huichovya tena na tena mpaka mng'ao wake wa kuzaliwa unakufa, inabaki nyeupe ya maiti. Hilo la mwisho sikumwambia Mzee. Angeninyanyasa nalo mpaka Idi.

Sarafu yake moja, rupia ya zamani, haikuwa chini ya kioo. Aliihifadhi ndani, kwenye kitambaa cha babu yake. Babu huyo alikuja na misafara kutoka pwani, akafika Mumias, akaoa, asirudi tena. Rupia ilikuwa kitu pekee alichoacha, yenye sura ya malkia wa Waingereza. Siku Mzee aliponionyesha aliifungua taratibu. Ukingoni ilikuwa ya buluu, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi, ikaingia zambarau, na shavuni mwa malkia ikawa na rangi ya asali. Nilimwambia ni chafu. Nilisema kwa kumchokoza, lakini pia niliamini hivyo.

Siku za soko tulikutana Misikhu. Wakulima wa Kabuchai na kwingineko walipolima mashamba ya miwa waliokota shilingi ardhini, nyingine zilizofukiwa na watu waliokufa bila kumwambia mtu. Mzee aliwasihi kina mama wa sokoni: "Mkizipata, msizioshe. Nileteeni vile vile, na udongo wake."

Soko lililofuata wakamletea. Walikuwa wamezisugua kwa majivu na waya wa kuoshea sufuria mpaka simba hana uso. Watu wa pale sufuria zao zinang'aa nje na ndani, na mwanamke hupimwa kwa hizo. Mama mmoja muuza ndizi alimwekea Mzee shilingi kiganjani kwa furaha tele.

"Angaria, Mzee. Nimesugua na mkono yangu. Ata unaweza jiona ndani."

"Mama, si niliwaambia msioshe?"

"Urisema, eeh. Rakini sisi hatuwezi kukuretea kitu chafu, bana. Hatukurerewa hivyo."

Nilimwelewa kabla Mzee hajaelewa. Kwetu sote, mgeni akikuambia "usijisumbue, sili chochote," unakimbilia kuku. Ukimwamini ukamwacha na njaa, utasemwa mpaka kaburini. Basi kadiri Mzee alivyosisitiza wasioshe, ndivyo walivyoona adabu yake ilivyo kubwa, na ndivyo walivyozidi kusugua. Aliwaapia kuwa wanaziharibu. Wakacheka, wakasemezana kwamba huyu kweli ni mtu aliyefunzwa. Aliipokea ile shilingi, akashukuru, akamwombea mama yule baraka, kisha njiani akashika kichwa.

"Waambie ukweli," nikasema.

"Nimewaambia ukweli. Sasa nitawaambia nini tena?"

Naye alikuwa vivyo hivyo, hilo nalijua. Kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akisema chai haina sukari, hata siku ambayo mkewe aliisahau kabisa. Alikunywa mpaka mwisho akasema alhamdulillahi. Mkewe alikuja kugundua kwa kikombe chake mwenyewe, akamfokea mbele yangu.

Macho yake yalianza kuharibika taratibu. Kwanza alijigonga kwenye majora ya vitambaa ambayo hayakuwa yamehamishwa. Kisha akaanza kunisalimia baada ya kusikia sauti yangu. Hospitalini madaktari walimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, wangejaribu tu kuzuia kilichobaki. Hawakukizuia sana. Mzee aliniambia habari hiyo kama anayenipa bei ya kitambaa cha kanzu, na mimi nikamega hamri ambalo sikuwa na hamu nalo.

Niliendelea kwenda. Nilikuwa nimechoka miaka hiyo, nataka niseme wazi. Fukusi walikuwa wamevamia ghala langu, goti lilikuwa halinipi usingizi, na safari ya Bungoma ilianza kuwa mzigo. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kugombana naye kwa raha. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa umepoa. Nilipomwekea sarafu mkononi aliipapasa kwa kidole gumba, akatabasamu, akanirudishia.

Siku moja akasema, "Dada, sarafu zangu zote zimekuwa mashimo. Nikiangalia kaunta naona mashimo meusi tu. Lakini kitu cheupe bado nakiona kidogo, mchana, mlangoni. Shuka kwenye kamba nazijua. Nataka kuiona ile rupia mara moja kabla mlango haujafungwa. Ukija tena, uje na magadi yako."

Nilipaswa kufurahi. Mtu aliyenikatalia kwa miaka alikuwa anakubali. Badala yake nikajikuta namkataza.

"Mzee, zile rangi hazirudi. Ukiiosha imekwisha."

"Rangi zenyewe ni za nani sasa?"

Niliporudi Kitale niliwaza kama alimaanisha alichosema. Mtu wa adabu kama yule ungejuaje? Labda alitaka tu kunipa ushindi kabla hajawa kipofu, kama mtu anavyompa mgeni kiti kizuri. Nikampigia simu nikamuuliza tena, akanijibu kwa upole uleule, na upole huo ndio ulionitia shaka zaidi. Mkewe akachukua simu. "Osha tu, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Siku hizi ata analala nayo mkononi."

Nilichelewesha. Nilisema ni msimu wa mavuno, na kweli ulikuwa, lakini hata wakati wa mavuno nilikuwa napata nafasi ya kwenda Bungoma. Nilikuwa naogopa. Mwishowe nikafunga magadi kwenye gazeti nikaenda.

Tulikaa jikoni kwao, nyuma ya duka. Mzee alikuwa amevaa kanzu safi kana kwamba ni Ijumaa, na mkewe alimwekea kiti kikielekea mlango wa uani ili apate mwanga wote wa mchana. Maji yalikuwa tayari motoni. Akanipa rupia. Niliipeleka mlangoni kuitazama, na ninaona aibu kusema kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuitazama bila kutafuta la kubishia. Haikuwa chafu. Ile buluu ilizunguka ukingo wote bila kukatika, na nilipoiinamisha kidogo, asali ya shavuni ilisogea kama iko hai. Hakuna mtu aliyeipaka. Ilikuwa imekaa tu gizani, ndani ya kitambaa cha mtu aliyeacha kwao, ikajifanya hivyo. Nilitaka kuitia kifuani nikimbie nayo hadi Kitale.

"Bado, dada?" akauliza.

"Maji bado," nikadanganya, na sote watatu tulikuwa tunayasikia yakichemka.

Mkewe alinitazama. Nikatia magadi, nikatia rupia. Harufu ikapanda, mama yule akajiziba pua kwa leso. Rangi ziliondoka zikianzia ukingoni, buluu kwanza, halafu zambarau, halafu ile asali, haraka kuliko nilivyozoea kwa shilingi zangu. Chini ya sufuria akabaki malkia mweupe, shavu limelika, mzee kuliko nilivyodhani. Sikuhisi furaha yoyote. Nilihisi uchovu tu, ule wa mtu aliyebeba gunia mpaka mwisho wa safari akaambiwa alitue popote.

Nikaitoa kwa kijiko, nikaisuuza kwa maji baridi. Mkewe akaipokea kwa pembe ya leso yake aikaushe, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, kwenye kivuli cha ukuta.

Mzee aliinua uso kuelekea mlangoni. Uani hakukuwa na kitu, kamba ilikuwa tupu. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Mashallah," akasema. "Naiona, dada. Naiona kabisa. Nyeupe! Kumbe ulikuwa na haki miaka yote hii."

Rupia ilikuwa bado ndani ya leso, nyuma yake. Mkewe aliganda. Akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Si nilikuambia, Mzee," nikasema, na mkewe akaendelea kuikausha.