Jumatano Kwa Corinne

Verlyn Haas alikuwa mpeleka barua mjini Sheboygan. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi mchana, marafiki zake watatu, Corinne, Marv na Lonnie, walikusanyika katika chumba cha chini ya nyumba yake kucheza mchezo wa kusimulia hadithi. Yeye ndiye aliyesimulia mapango na mazimwi. Wao walirusha kete na kuwasemea mashujaa wao. Dada yake alipofariki, alimwingiza mchezoni shemeji yake, Rollie, asije akaozea mbele ya televisheni.

Ilipofika vuli, Verlyn akaanza kunusa kitu. Corinne, aliyezoea kubishana naye kila mara, sasa aliitikia kila jambo. Lonnie alikuwa akiaga mapema. Siku moja Marv akamwambia Corinne, "Usisahau daraja la chumvi!" wakaangua kicheko. Katika mchezo wa Verlyn hapakuwa na daraja la chumvi.

"Daraja gani hilo?"

"Aa, mambo ya kazini tu," Marv akajibu.

Marv alikuwa fundi bomba. Corinne alikuwa muuguzi. Kazini wapi?

Usingizi ukampotea. Mwishowe akabadilishana mitaa na mwenzake wa posta ili apeleke barua mtaa wa Corinne, na Jumatano moja akapita kwake. Gari la Marv lilikuwa nje, na la Lonnie nyuma yake. Akabonyeza kengele. Corinne akafungua, kete mkononi.

"Katalogi yako hii," Verlyn akasema. "Tangu lini?"

Corinne akashusha pumzi. "Julai."

"Nimewakosea nini?"

"Si wewe, Verlyn. Ni Rollie. Anatukata kauli, anarusha hadi kete za wenzake. Humu ndani asiyekatwa kauli naye ni mbwa wangu tu, na ni kwa sababu hawajakutana."

"Si mngeniambia!"

"Ili umfukuze shemeji yako?"

Verlyn akauweka sawa mfuko wa barua begani.

"Njoo basi Jumatano," Corinne akasema. "Peke yako."

Siri ilipofichuka, wale watatu wakaacha kuja. Jumamosi Rollie alifika na mfuko wa jibini, akatazama viti vitupu.

"Wenzetu wako wapi?"

"Ratiba zimegongana."

"Ni mimi, eeh?"

"Ratiba, shemeji."

Rollie hakuamini, na Verlyn aliliona hilo. Walicheza wawili Jumamosi tatu, kisha Rollie akasingizia goti, asije tena.

Corinne alipiga simu mara mbili. Verlyn aliahidi kufikiria, asiende. Rollie hakuwa kizuizi tena. Lakini watu waliocheza kwa raha miezi yote ile bila yeye, walimhitaji kwa lipi? Labda Rollie alikuwa sababu. Labda kisingizio. Aliporudishiwa mtaa wake wa zamani, alishukuru: hakulazimika tena kupita kwa Corinne.