Sauti ya Mama Nyuma ya Ua

Juzi televisheni ilimwonyesha mzee wa Kiingereza ambaye maisha yake yote aliigiza na kuwapa sauti wanyama wa katuni. Wajukuu walicheka. Mimi nilimtambua, nikainamisha uso.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nikiwa mtoto, askari kijana wa Kizungu alizoea kupita kwetu Port Reitz, ananukia sabuni na tumbaku. Aliweza kulia kama mbuzi wetu. Mchana mmoja alijificha nyuma ya ua wa makuti akaita, "Fatuma!" kwa sauti ya mama hasa. Nikaitika, "Abee, mama!" nikatoka mbio, nikamkuta yeye anacheka. Alinipata mara tatu. Nikaamini amemwibia mama sauti.

Alasiri moja nikaitwa tena, kutoka upande wa kisimani. "Fatuma! Njoo, mwanangu!"

"Hunipati tena," nikasema, nikaendelea kuchambua mchele.

Jioni mama aliletwa na majirani, ameteleza kisimani, mguu umevunjika.

"Hukunisikia?"

"Sikukusikia, mama. Wallahi."

Tangu siku hiyo alichechemea, na kila aliponiita niliitika kabla hajamaliza jina langu. Mama mwenyewe akiwaambia majirani kwa fahari, "Fatuma wangu ana adabu, haitwi mara mbili."