Wembe na Mkate Uliopoa

Kuna watu wanaoendesha baiskeli, na kuna Wembe. Fundi cherehani huyu, enzi zake, aliteremka mlima mpaka kivuli chake kikabaki juu kinauliza njia. Siku moja alimpita kuku barabarani, kuku akajikuta amenyonyoka manyoya yote, tayari kwa sufuria, wala hakujua saa ngapi. Anayebisha akamuulize kuku. Jina la Wembe alipewa na wenzake wa msafara wa Jumapili, kwa sababu akikaa mbele aliukata upepo vipande viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia, na waliomfuata wakapita katikati kama watu waliofunguliwa mlango.

Hayo ni ya enzi zake. Mwaka jana homa ya mapafu ilimlaza miezi mitatu, na alipoinuka alikuwa na miguu kama sindano na kifua kinacholia kama mlango wa stoo. Daktari akamwonyesha picha ya pafu la kushoto, kovu jeupe limeshuka toka juu hadi chini. Wembe akaitazama kwa jicho la fundi.

"Huyu aliyeshona hapa," akasema, "amevuta uzi mno."

Daktari akacheka. Wembe hakucheka.

Ungedhani mtu anayekanyaga cherehani toka asubuhi hadi jioni hawezi kupungukiwa miguu. Ile cherehani yake ingekuwa na magurudumu angeshaizunguka dunia mara mbili na kurudi chai ikiwa bado ya moto. Lakini cherehani haina mlima, wala haina wenzako mbele.

Na msafara ule una desturi zake. Mvua zikikatika, barabara ikikauka, wanaanza upya. Jumapili tatu za mwanzo ni za kuamsha miguu: gia ndogo tu, hakuna kushindana, kila mtu anabeba kitambi chake kimyakimya. Jumapili ya nne ni ya Mlima wa Mnara. Anayefika juu bila kuweka mguu chini anavishwa fulana ya mwaka. Anayeweka mguu chini anahamia kundi la pili, linaloondoka jua likishapanda, lenye wastaafu, wenye bawasiri, na shemeji wa mtu mmoja anayesimama kila kona kupiga simu. Fulana hizo anazishona Wembe mwenyewe. Miaka ishirini na moja amezishona, na kila mwaka ya kwanza kukatwa ni yake.

Mwaka huu pia alianza na yake. Mkewe akashika futi ya kupimia, akaizungusha kifuani, akasoma mara mbili.

"Baba watoto, zimepungua inchi tatu."

"Kata kwa kipimo cha zamani."

"Si utaogelea humo ndani?"

"Nitaijaza," akasema Wembe. "Jumapili nne ni nyingi."

Jumapili ya kwanza aliachwa darajani. Sasa, kuachwa kwa waendesha baiskeli si kama kuachwa na mke, mke hugeuka nyuma hata kama ni kutukana. Ukiwa shibiri moja nyuma ya gurudumu la mwenzako, upepo wake unakubeba. Shibiri ikawa dhiraa, umeanza kuteseka. Dhiraa ikawa hatua tatu, uko peke yako duniani, na migongo inakuwa midogo, midogo, mpaka inatosha kwenye tundu la sindano. Akabaki na Mfagizi, mzee aliyekuwa tarishi wa posta, ambaye kazi yake ni kukaa mwisho na baiskeli yake nzito yenye kikapu, asibaki mtu njiani.

Jumapili ya pili aliachwa hata kabla ya daraja. Aliporudi akaipindua baiskeli uani, magurudumu juu, akisema breki inashika. Akalisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka. Mkewe akafagia uani, akamaliza, akaanika nguo, akamaliza, bado linazunguka. Breki haikuwa imeshika kitu.

"Labda mnyororo," Wembe akasema.

"Labda," mkewe akasema, akaingia ndani.

Jumapili ya tatu ndiyo iliyomuua, kwa sababu siku hiyo alishika, hakuachwa. Darajani alikuwemo. Njia panda alikuwemo. Macho hakuyatoa kwenye gurudumu la mbele yake, lililokuwa la muuza nyama, rafiki yake wa tangu ujana, mtu mpana kama mlango ambaye wote wanamwita Bucha. Nyuma ya mgongo kama ule hata karatasi ingefika safari.

"Bado upo, fundi?" Bucha akapaza sauti.

"Nipo! Wewe punguza kula unachouza, unaniziba njia!"

"Haya jamani, Wembe kanolewa!"

Kumi na watano wakacheka, na Wembe akacheka hadi pafu likapiga filimbi. Wakaenda, wakageuza, wakapita kiwanda cha mikate kama kila Jumapili. Desturi yao ni kila mmoja kununua mkate ukitoka tanuri, akautia kwenye mfuko wa fulana nyuma ya kiuno, unamkanda mgongo mpaka nyumbani. Wembe akautia wake. Mgongo ulikuwa unachemka jasho na furaha, hakuhisi kitu kingine. Akaingia nyumbani anaimba, na Wembe akiimba mbuzi wa jirani huomba kuhamishwa.

"Nimeshika! Mama watoto, nimeshika toka mwanzo hadi mwisho! Lete ile fulana, niimalizie kola."

Mkewe akatabasamu, akakata mkate, akapaka siagi.

Siagi ikakaa juu ya mkate kama mgeni asiyekaribishwa. Wembe akaitazama. Miaka yote siagi ya Jumapili ilikuwa ikiyeyuka na kukimbilia pembeni kabla hujaweka kisu chini. Akaubonyeza mkate kwa kidole. Ulikuwa baridi. Mikate hutoka tanuri saa mbili na nusu, na msafara hufika pale mikate inatoka. Ili mkate uwe baridi namna ile, walikuwa wamefika saa moja nzima baadaye, na yeye hakuona kitu isipokuwa gurudumu la Bucha.

"Nani amewaambia wanisubiri?"

Mkewe akamimina chai kwenye kikombe kilichokwishajaa.

"Nimekuuliza, mama watoto."

"Nilimwomba Bucha. Nilimwambia tu, msimwache mwenzenu barabarani kama ganda la ndizi."

"Kwa hiyo watu kumi na watano wamekanyaga kama wanasindikiza maiti."

"Usiseme hivyo."

"Na maiti ilikuwa inaimba," akasema Wembe.

Wiki ile akafanya kosa ambalo haliwezi kufanywa na mtu mwingine ila mwendesha baiskeli aliyezeeka bila kuambiwa. Kila alasiri alifunga duka akatoka peke yake, gia kubwa, meno nje, akipanda na kushuka barabara ya machimbo. Miguu inayotaka kupumzika haikupumzika. Jumatano alishindwa kupanda ngazi za dukani kwake, nazo ni tatu. Alhamisi alitoka. Ijumaa alitoka. Jumamosi akakaa kwenye cherehani, akamaliza fulana ya kumi na nne, na kila alipokanyaga, misuli ya mapaja ilicheza yenyewe kama samaki ndani ya mfuko.

Jumapili ya nne wakakutana kituo cha mafuta, ukungu bado umelala barabarani. Wembe akatia mfuko wenye fulana zote kwenye kikapu cha Mfagizi, kisha akamwendea Bucha.

"Leo ukinisubiri, urafiki wetu unaishia hapa kwenye pampu."

"Nani amekuambia tulikusubiri?"

"Mkate."

Bucha akatazama viatu vyake. Jitu zima, mtu anayeangusha ng'ombe, akakosa pa kuweka macho. "Shemeji alilia, fundi," akasema polepole. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekimbia mbele, nikuache ujue ulipo."

Wakaondoka. Na safari hii waliondoka kweli. Mpaka chini ya mlima Wembe alikuwa amejishikiza mwisho wa mstari kama kifungo kilichobaki na uzi mmoja. Mbele yake alikuwa mwalimu wa chekechea, msichana mwembamba aliyejiunga mwaka huu, ambaye hakuna aliyemkatia fulana kwa sababu hakuna aliyeamini atapanda. Alipanda huku akiimba chinichini zile nyimbo za kuhesabu anazowafundisha watoto, moja mpaka kumi, kisha moja tena.

Kona ya kwanza, shibiri. Kona ya pili, dhiraa.

Mwalimu akageuza shingo. "Fundi, shika gurudumu langu. Hesabu na mimi. Moja, mbili..."

Wembe akashika. Akahesabu. Moja mpaka kumi, moja mpaka kumi, moja mpaka saba. Kwenye saba lile kovu likavuta uzi. Hewa ilikuwepo, mlima mzima umejaa hewa ya bure, ikaingia kifuani na kugonga ukuta. Akamwona mwalimu anapunguza mwendo.

"Nenda!" akamkemea, kwa sauti isiyomtosha hata mbuzi. "Usigeuke! Nenda, mtoto wewe!"

Akaenda. Dhiraa ikawa hatua tatu. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikasimama kama inafikiri. Kisha mguu wa kulia ukatoka kwenye pedali bila kumwomba ruhusa na ukashuka. Miaka ishirini na moja soli ya kiatu kile haikuwahi kuigusa lami ya mlima ule. Ilitoa sauti ndogo tu, tap, kama kifungo kimeanguka sakafuni.

Mfagizi akasimama nyuma yake. Hakusema pole. Watu wa posta hujua barua gani haina haja ya kusomwa kwa sauti. Akaegemea usukani, akasema, "Mimi mwenyewe nilianza kufagia siku kama hii. Magoti yangu mwaka huu ndio wa mwisho. Kikapu hiki kitahitaji mtu."

Alimaanisha wema mzee wa watu. Kwa Wembe ilikuwa kama mtu anayempima urefu kwa ajili ya jeneza.

"Nashukuru, mzee. Peleka fulana. Wanasubiri."

"Nitakuachaje? Kazi yangu ni kutomwacha mtu."

"Mimi si wa msafara tena. Huachi mtu."

Mzee alisita sana. Mwishowe akakanyaga, taratibu, kikapu kinagongana, na Wembe akaisukuma baiskeli kwa mkono hadi juu. Alipofika wote walikuwa wamevaa fulana mpya za zambarau. Ziliwakaa vizuri, alishindwa hata kujidanganya kwamba kola imepinda. Bucha akamjia na ile ya kumi na nne.

"Vaa bwana. Hapa tuko sisi kwa sisi, nani ataenda kusema?"

"Umewahi kumpimia mteja kilo moja ukampa nusu?"

"Astaghafiru! Sijawahi!"

"Basi usinipimie mimi."

Akaichukua fulana, lakini hakuivaa. Akamtazama mwalimu, aliyekaa chini ya mnara na fulana yake kuukuu ya pamba, anajifanya kufunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.

"Mwalimu, simama nikuone mabega."

"Fundi, mimi hapana. Hiyo ni yako."

"Simama."

Futi huwa haimtoki mfukoni. Akampima palepale, kifua, bega, kiuno, na vipimo akavitaja kwa sauti ili asilazimike kusema jambo lingine.

Jumatatu akaifumua. Mafundi hufumua kwa kiwembe, uzi mmoja baada ya mmoja, na mshono aliokuwa ameuweka mara mbili ili udumu ulikuwa mgumu kuliko yote. Mkewe alikaa mlangoni na bakuli la maharage anayachambua. Aliyachambua mpaka mazuri nayo yakaanza kutupwa.

"Si ungebakiza hata kipande?" akasema.

"Cha nini?"

Vitambaa viwili vya zambarau vilivyopunguzwa ubavuni, vyembamba kama kidole, Wembe akafutia mafuta ya cherehani.

Jumapili iliyofuata msafara ulipita mtaani kwao alfajiri, kama siku zote. Walinyamaza walipokaribia nyumba, na hilo lilimuuma kuliko wangepiga kelele. Ikasikika minyororo tu, shiiii, kama kitambaa kirefu kinachochanwa taratibu. Wembe alikuwa kitandani chali, macho wazi. Akahesabu mpaka kumi na nne, akasubiri, kikapu cha mzee kikapita kikigongana, kisha mtaa ukanyamaza. Chini ya shuka miguu yake ilikuwa inakwenda, kulia, kushoto, kulia.

"Miguu hiyo, baba watoto," mkewe akasema gizani.

Ikasimama. Baada ya muda ikaanza tena.

Saa mbili na nusu mkewe alikuwa mlangoni pa kiwanda cha mikate, amekwenda kwa mguu, wa kwanza kwenye mstari. Akarudi nusu anakimbia, mkate ameukumbatia ndani ya kanga, unamchoma kifua. Akaukata. Mvuke ukapanda. Akapaka siagi, ikayeyuka na kukimbilia pembeni kama zamani.

Wembe akautazama.

"Kula basi, ungali moto."

"Nitakula. Wa moto ni wa msafara," akasema.

Akauacha mezani, akaenda kukaa kwenye cherehani bila kitambaa, mkono juu ya gurudumu lake dogo. Alisubiri mpaka ukapoa kabisa, ndipo akarudi akaula.