Ushuhuda Aliopangiwa Wavinya

Ukimkanyaga Wavinya mguu, yeye ndiye anayesema pole. Ukimuuzia nyanya zilizooza, anakushukuru, anaenda nyumbani kuokoa mbili tatu zinazoweza kuingia sufuriani. Katika kiwanda cha nguo pale Thika alikoshona kola miaka nenda miaka rudi, siku walipomwita ofisini wakamwambia awe supavaisa wa laini yake, aliwajibu, "Mimi? Woi, mimi siwezi. Tafuteni mtu mwenye akili." Wakampa kazi Dalmas, kijana ambaye Wavinya mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutia uzi kwenye cherehani. Na Dalmas, kuvaa tu lile koti la usupavaisa, akaanza kumfokea mwalimu wake mbele ya watu kama anayefukuza mbuzi shambani.

Inakera ama haikeri? Lakini mwenye kufokewa hakukereka, na hapo ndipo palipo ubaya. Alirudi kwake kijijini Gatuanyaga na vumbi lake, akapika, akajilaza huku akijiambia kwamba Dalmas ana haki, mtu kama yeye angefokewa na yeyote. Kisha Jumamosi moja akiwa anaanua nguo alimsikia bintiye Katunge akiongea na wenzake langoni. Walitaka awaongoze kuimba kwenye sherehe ya shule. "Mimi siwezi," mtoto akasema. "Tafuteni mtu mwenye akili."

Wavinya alisimama na nguo mkononi. Kumbe hii kitu inaambukiza! Kujidharau kwake angekufa nako, hakuna neno, lakini mtoto? Siku hiyohiyo akaamua kutafuta mtu wa kumsaidia.

Sasa, kwao mambo ya moyo hupelekwa kanisani. Mke wa mchungaji, Mama Becky, ambaye kila mtu alimwita Mama Pastor, alikuwa amehudhuria semina ya ushauri nasaha, cheti amekitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa. Wavinya akaenda. Akalia, akatoa yote ya moyoni, hata yale ya mamake mzazi aliyezoea kuwaambia wageni, "Huyu ni wa kujaza tu nyumba." Mama Pastor akamshika mkono. "Mama Katunge, haya yatabaki kati yetu na Mungu."

Yakabaki wapi! Jumapili iliyofuata, maikrofoni ikiwa imewekwa juu kabisa hadi ng'ombe wa jirani wanasikia, Mama Pastor akamwita mbele. "Dada yetu anasumbuliwa na roho ya kujidharau! Tangu tumboni mwa mamake! Kanisa, tuombe!"

Na pale kanisani, ukiwekewa mkono kwenye paji la uso, unaanguka. Ndivyo inavyojulikana. Nyuma yako anasimama mama wa kukudaka, na mwingine ameshika leso ya kukufunika miguu. Mama Pastor akasukuma. Wavinya hakuanguka. Akasukuma tena, sauti ikipanda, watu wakipiga makofi, jasho likimtiririka. Bado. Wavinya akafungua jicho moja, akaona uso wa mwenzake umejaa aibu, na kwa jinsi alivyo, akamhurumia. Alikunja magoti polepole, akashika gauni lake lisipande, akajilaza kwenye simiti. Leso ikatandazwa. Kanisa likalipuka kwa haleluya.

Chini ya ile leso hasira ilimshika, na si hasira ndogo. Alimkasirikia Mama Pastor, akawakasirikia waliokuwa wakishangilia, lakini zaidi ya wote alijikasirikia yeye, mtu mzima na watoto, amelala chini saa tano mchana ili mtu mwingine asiaibike.

Mtama ulikuwa umeshamwagwa penye kuku wengi. Wiki nzima hakupumua. Kwenye posho mill, alikopeleka mahindi kusagwa, mwanamke ambaye hawajawahi hata kusalimiana alimwambia, "Mama Katunge, jipende!" Watu wa bodaboda nao, "Madhe, jipende!" na kicheko juu. Jipende, jipende, kana kwamba ni dawa ya mafua!

Alipotafuta msaada tena, hakumuuliza mtu. Alipekua simu yake wakati wa chakula cha mchana hadi akampata mshauri mmoja mjini Thika, mzee wa tai, aliyemsikiliza kidogo kisha akasema, "Kuna wanawake hawana hata kazi. Wewe unalia nini?" Wavinya akamwambia asante sana. Alifika chini barabarani ndipo akajiuliza anashukuru nini, akatamani kurudi juu ampige na kiatu.

Kisha akapata namba ya Ruiru. Aliipenda Ruiru kwa sababu moja tu: hakuna mtu wa Gatuanyaga angemwona huko. Chumba kilikuwa juu ya hadwea, duka la mabati na misumari, na mshauri mwenyewe alikuwa msichana wa kutoka Kimilili anayeitwa Nekoye, mdogo kwake kwa miaka mingi. Wavinya hakukaa.

"Daktari, kwanza uniambie. Haya nitakayosema yataenda wapi?"

"Mimi si daktari, ni mshauri. Hayaendi popote. Isipokuwa nikiona uko karibu kujiumiza, ama unamuumiza mtu. Hapo nitatafuta msaada, na nitakuambia kwanza."

"Na usiniombee."

"Sitakuombea."

Ndipo akakaa. Akasimulia, na alipofika kwenye leso, Nekoye akasema taratibu, "Una hasira sana."

"Mimi? Mimi sina hasira na mtu yeyote! Mimi nimesamehe! Hasira ya nini?"

"Basi mbona unapiga kelele?"

Huko chini hadwea walikuwa wameacha kugonga mabati, wanasikiliza. Wavinya akaziba mdomo. Halafu, ajabu, akacheka, na kucheka kukageuka kilio cha kweli, si kile cha sebuleni kwa Mama Pastor.

Alirudi mara kadhaa. Usidhani alipona. Bado aliwaambia pole waliomkanyaga. Ila sasa alikuwa akijisikia anapoisema, na ikimuuma.

Ndipo Mama Pastor akapiga simu. Jumapili kuna wageni kutoka Ruiru na Juja, askofu yupo, na Wavinya amepangiwa kutoa ushuhuda. "Utasema tu vile Bwana alikuangusha akakutoa hiyo roho. Fupi fupi, mama."

"Sawa, Mama Pastor," Wavinya akajibu kabla hajafikiri, na simu ikakatika. Alilia kwa ghadhabu. Mdomo wake mwenyewe ulikuwa umemuuza tena!

Alienda Ruiru amefura. "Niambie nifanye nini."

"Unataka nini wewe?" Nekoye akauliza.

"Nataka uniambie!"

"Nikikuambia nitakuwa Mama Pastor wa pili."

"Basi nakulipa ya nini?" Wavinya aliropoka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kumjibu mtu hivyo. Nekoye hakukasirika. Hatimaye Wavinya akasema kwa sauti ya chini, "Katunge atakuwa pale, viti vya mbele na watoto wa Sunday school. Nikidanganya ataniona. Nisipodanganya watanichukia, na kanisa ndilo watu nilio nao."

"Yote mawili ni kweli," Nekoye akasema.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Askofu mbele, wageni na kofia zao. Mama Pastor akamshika Wavinya mkono, akamsogeza kwenye maikrofoni, akatabasamu. "Mama Katunge, waambie Bwana alikutendea nini pale chini."

Alimwona Katunge akimtazama. Alisalimu kanisa, Bwana asifiwe, wakaitikia. Kisha akasema, "Mimi sikuanguka siku ile. Nilijilaza. Nilimwonea Mama Pastor huruma."

Mtu fulani nyuma akasema amina kwa mazoea. Askofu akainua kichwa. Mama Pastor, tabasamu bado limemganda usoni, akanyoosha mkono kuchukua maikrofoni.

Wavinya akaishika kwa mikono miwili.

"Ngoja, Mama Pastor," akasema. "Sijamaliza."